Kusafisha si Kuosha: Picha za Wanagenzi katika Zone Industrielle

Mbele yetu tuna picha 22 nyeusi na nyeupe zilizopigwa na wanagenzi katika Zone Industrielle ya Bujumbura, na kusafishwa na wao wenyewe katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi. Tumeletewa ili tuziandikie maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya darasa. Maelezo tutayaandika, lakini picha zenyewe zastahili kuhakikiwa kwanza, kama tunavyohakiki insha.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili husemwa "kusafisha picha", na wengine husema "kuosha". Ni maneno mazuri ya mtaani, wala hatutaki kuyafukuza, ila yamewaponza wanagenzi hawa. Asikiaye "kuosha" hudhani kuwa picha imo tayari, imefunikwa na uchafu, na kwamba ikikaa sana majini itang'aa. Sivyo. Mwanga ulioingia katika kamera huacha juu ya chembe za chumvi ya fedha alama isiyoonekana kwa jicho. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa ya pili, iitwayo hipo, huziondoa zile zisizoguswa, ili filamu iweze kutolewa nje bila kuharibika. Kuosha kwa maji huja mwisho kabisa.

Kwa sababu hiyo saa na joto vina nguvu kubwa. Aghalabu vitabu huelekeza nyuzi 20 za Selsiasi. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika kimo kisichofika mita 800, na maji ya bomba ya huko hayana habari na nyuzi 20. Filamu iliyoandikiwa dakika 9 kwa nyuzi 20 huhitaji kama dakika 6 tu maji yakiwa na nyuzi 24. Wanagenzi wetu walifuata saa ya kitabu na joto la bomba. Matokeo yake, mabati ya bohari yamekuwa bamba jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja, na anga iliyo juu ya milima ya Kongo imetoweka pamoja na milima yenyewe. Kufupisha muda nako kuna mpaka, kwani chini ya dakika 5 dawa huelekea kufanya kazi kwa mabaka. Afadhali beseni la maji na vipande vya barafu. Hata hivyo, filamu iliyotoka katika dawa ya uvuguvugu isitumbukizwe ghafla katika maji baridi, maana utando unaobeba picha waweza kufanya nyufanyufa kama matope yaliyokaushwa na jua.

Filamu moja nzima, ya picha 36, ilitoka angavu kama kioo. Walilaumu dawa. Tukaitazama pembeni: nambari za kiwandani zilikuwepo, nyeusi na wazi. Basi dawa haina kosa. Filamu haikupita mbele ya lenzi kamwe, kwa kuwa ncha yake haikunaswa ilipotiwa. Lau nambari nazo zingalikosekana, hapo ndipo tungaliishuku dawa, au mtu aliyetangulia kumimina hipo. Mwenye kamera ya kuvuta kwa mkono na atazame kitasa cha kurudishia filamu: kisipozunguka anapovuta, hapigi kitu. Na zile hilali ndogo nyeusi katika negativi mbili ni alama za filamu iliyokunjwa na vidole vyenye jasho gizani.

Picha inayotuuma ni ya 14. Bawabu mzee ameketi, na nyuma yake kuna ukuta uliopakwa chokaa. Kwamba ni mzee tumeambiwa tu, maana penye uso pana doa jeusi. Hapa dawa haihusiki. Kipima mwanga cha kamera hudhani kuwa yote yaliyo mbele yake, yakijumlishwa, ni kijivu cha kadiri. Kikiona ukuta mweupe hupunguza mwanga ili ukuta nao uwe kijivu, na uso mweusi ndio unaolipa deni. Mpigaji alipaswa kusogea, apime mwanga usoni pa mzee peke yake, kisha arudi mahali pake. Huenda mwanga ungezidi kidogo. Filamu hii hustahimili ziada kuliko upungufu. Uso usiopata mwanga wakati wa kupiga haurudishwi na dawa yoyote.

Mzee huyo alikubali kupigwa kwa sharti moja: apewe nakala awapelekee watoto wake Rutana. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba aliacha kazi mwezi uliofuata, na hakuna pale langoni ajuaye alikohamia.

Mmoja wa wanagenzi alijitetea kuwa weusi ule ni usanii. Hatukubali. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifundisha kazi hii mwenyewe, aliunganisha picha na picha hadi akapata mambo yasiyoonekana duniani. Lakini alijua alichokusudia. Doa la picha ya 14 halikukusudiwa na mtu.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Picha ya 7, ya wanaume watatu wakisukuma baiskeli zilizojaa magunia kando ya ukuta wa kiwanda, ilipigwa asubuhi mapema, jua likiwa ubavuni. Nyuzi za magunia zahesabika, jasho la shingoni laonekana, na kivuli cha gurudumu kimelala barabarani kirefu kuliko baiskeli yenyewe. Aliyeipiga alitueleza kwamba aliwaomba ruhusa, akaongozana nao hadi njia panda, ndipo akainua kamera.

Picha 21 tumeziandikia maelezo. Ya 14 tumeirudisha bila maelezo.