Lori Litalala Wapi? Jinsi Safari ya Dar es Salaam hadi Geita Inavyopangwa

Dereva aliyepata leseni ya daraja E karibuni, akakabidhiwa kichwa chenye tela la ekseli tatu na shehena ya mipira ya chuma ya kusagia mawe mgodini, anakuwa tayari anajua gia, breki za upepo na namna ya kurudisha tela nyuma. Swali lake la kwanza huwa Geita ni kilomita ngapi. Wazoefu wa barabara ya kati huanza na swali jingine: gari litalala wapi? Wakishapata jibu, ndipo hurudi nyuma kukokotoa saa ya kuondoka.

Hesabu yenyewe ni rahisi, ila inahitaji ukweli. Lori la zaidi ya kilo 3,500 haliruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Kati ya Chalinze na Dodoma vijiji vinafuatana, na kila kijiji kina matuta yake. Ongeza foleni ya mizani, chakula na ukaguzi wa tairi, na wastani wa siku nzima hushuka hadi kama kilomita 45 kwa saa. Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu za usukani, na kwa kawaida asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku. Kipimo hicho kikitumika hapa, siku moja inabeba takribani kilomita 400.

Dodoma iko kama kilomita 450 kutoka Dar es Salaam. Dereva mpya anayejiwekea lengo la kulala Dodoma siku ya kwanza anajipangia kuvuka kipimo hicho, na akicheleweshwa njiani ataingia mjini usiku akiwa amechoka. Kibaigwa, mji wa soko kubwa la mahindi, uko karibu kilomita 90 kabla ya Dodoma. Gari lililotoka Dar saa 11 alfajiri, kabla foleni ya Kimara na Kibaha haijajaa, linaweza kufika Kibaigwa kabla ya jua kuzama hata kama mizani ya Vigwaza imelichelewesha.

Na mizani huchelewesha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote, hata liwe na ekseli nyingi kiasi gani. Kila ekseli nayo ina kikomo chake: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, tani 24 kwa ekseli tatu za tela. Kwenye ekseli kuna nafuu ya asilimia 5. Kwenye jumla ya uzito hakuna. Kwa hiyo gari linaweza kuwa halali kwa jumla, kisha likakwama kwa sababu mzigo umeegemea mbele. Kuupanga upya kunaweza kula nusu ya siku, na nusu siku ikipotea Vigwaza, mpango wote wa kulala umevurugika hadi Geita. Ndiyo maana kazi ya kupanga vituo inaanzia uani, wakati wa kupakia: dereva asimame karibu, aone mzigo umekaa juu ya ekseli zipi, apime kabla ya kutoka.

Siku ya pili ni Kibaigwa hadi Singida, takribani kilomita 330. Kipande hiki kina mlima wa Saranda, pale barabara inapoacha bonde la ufa baada ya Kintinku na kupanda kuelekea Manyoni. Lori lenye mzigo hutambaa hapo, na mabasi hulipita. Mchana dereva anaonwa na anaona. Usiku, gari linalotembea kama mtu anayekimbia ni hatari kwa kila anayelijia kwa nyuma.

Ila sababu kubwa ya kulala Singida iko mbele yake: Sekenke, eneo ambalo dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya Wajerumani. Anayekwenda magharibi hushuka hapo kutoka uwanda wa Iramba hadi mbuga ya Wembere, na mzigo unamsukuma njia nzima. Breki zikitumiwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Kanuni ya wazoefu ni kuingia gia nzito juu ya mlima, kabla mteremko haujaanza, na kuiachia injini kazi ya kulizuia gari. Aliyelala Singida anafika Sekenke asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia. Aliyevuta hadi jioni ili alale Shelui au Igunga anaushuka mlima uleule katika saa mbaya kuliko zote.

Baada ya Igunga na Nzega, mazingira hubadilika na vigezo vya maegesho hubadilika navyo. Shinyanga ina maeneo mengi ya udongo mweusi wa mbuga: kiangazi ni mgumu kama sakafu, mvua ikinyesha hushika tairi na hauziachii. Uwanja uliopokea lori vizuri mwezi Agosti unaweza kulizamisha mwezi Machi. Kwa hiyo dereva mgeni huuliza kwanza kama maegesho yamemwagwa kokoto. Mengine huyatazama mwenyewe: yawe upande wa kushoto ili asikatishe barabara, yawe na nafasi ya kuzunguka bila kurudi nyuma, taa, mlinzi, choo, maji na mama lishe. Tangi la mafuta huelekezwa upande wenye mwanga, kwa sababu wezi wa dizeli hutafuta upande wenye giza. Jioni ina hatari yake pia: ng'ombe wanarudi nyumbani, baiskeli na mikokoteni hazina taa. Saa 11 jioni gari liwe limeshaegeshwa.

Migodi yenyewe imetoa somo kuhusu mipango hii. Sianidi inayotumika kutenga dhahabu husafirishwa kwa kufuata kanuni ya kimataifa. Hatari yake ilionekana Mei 1998, pale lori la mgodi wa Kumtor, Kyrgyzstan, lilitumbukia mtoni na kumwaga karibu tani 1.8 za kemikali hiyo. Kanuni hiyo inamtaka msafirishaji achague njia kwa kupima hatari, akague gari kabla ya kila safari, aweke mipaka ya saa za dereva, na awe na utaratibu wa kusimamisha msafara hali ya hewa ikiharibika. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilomfaa dereva wa saruji au chokaa. Aina ya mzigo pia huamua jirani wa kulala naye: lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na kulipuka watu wakichota petroli, liliua zaidi ya watu 100. Shehena hatari hailali stendi wala kando ya soko.

Uamuzi wa mwisho uko Tinde. Kushoto ni Isaka na Kahama. Kulia ni Shinyanga na Mwanza. Kutoka Kahama, njia ya Kakola karibu na mgodi wa Bulyanhulu ni fupi kwenye ramani, ila hali yake huulizwa siku hiyohiyo kwa madereva wanaotoka huko. Mzunguko wa Ushirombo, Runzewe, Bwanga na Katoro ni mrefu, lakini ni wa lami. Njia ya Mwanza zamani ilikwamishwa na kivuko cha Kigongo–Busisi. Dereva hakujua angevuka saa ngapi, hivyo alilazimika kutenga usiku wa ziada. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na kuvuka sasa ni suala la dakika. Aliyelala Shinyanga usiku wa tatu anaweza kupita mizani ya Usagara, Busisi na Sengerema na kufika Geita alasiri ya siku ya nne.

Kurudi kunahitaji mpango mpya. Tela tupu huwa jepesi na breki zake hushika kwa namna nyingine, na likipata mchele Kahama au marobota ya pamba Shinyanga, uzito kwenye ekseli unapimwa upya. Sekenke nayo inakuwa mwinuko, Saranda mteremko. Kwa hiyo kituo cha usiku kinahamia Manyoni, ili Saranda ishukwe asubuhi.