Kipa Aliyetutoa

Jioni hapa Gitaza, kati ya barabara ya Rumonge na maji, watoto huchomeka makafi mawili mchangani yakawa goli, na aliyechelewa kufika ndiye anayewekwa golini. Kwa hiari haendi mtu. Nikiwatazama humkumbuka Juma Kaseja, kipa wa Tanzania aliyetutoa sisi Warundi, na sina kinyongo naye hata chembe.

Ilikuwa Septemba 2019, mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Bujumbura tulitoka 1-1, Dar es Salaam tukatoka 1-1 tena. Zikaja penalti. Tulipiga tatu, haikuingia hata moja. Wenzetu walifunga zao zote.

Penalti hupigwa kutoka mita 11, na mpira uliopigwa sawasawa hufika golini kwa nusu sekunde hivi. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa: mpira unapopigwa, kipa awe na walau mguu mmoja kwenye mstari. Kipa mchanga hushindwa kuvumilia, akaruka mapema. Mpigaji akishamwona, anauweka upande wa pili taratibu. Aliyekomaa hulegeza magoti, akatulia, akamwacha mpigaji ahangaike na goli lote lile. Mikono ni ya mwisho kufanya kazi. Wavuvi wetu wa ndagala wanalijua hili: usiku taa inawaka, samaki wanakusanyika chini yake, na mwenye pupa akivuta wavu kabla ya wakati wanatawanyika wote.

Kaseja alikuwa na utulivu huo tangu ujana. Mwaka 2003, Cairo, Simba iliivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti, yeye akiwa golini. Kutoka mechi ile hadi yetu ni miaka 16! Katikati alipita Yanga na Kagera Sugar, akatoka timu ya taifa, wengi wakadhani amekwisha, kisha akarudi akiwa kipa wa KMC. Baadaye akawa kocha wa makipa, na nafurahi sana kwamba kuna vijana waliojifunza kusubiri kutoka kwake.

Juzi mtoto mmoja aligoma kuruka. Mpigaji akasita, akabadilisha mguu, akapiga katikati. Mpira ukamgonga kifuani, akaukumbatia, na alipouachia duara la mchanga mbichi lilikuwa limebaki kwenye shati lake.