"Chipsi", "Ifiriti" na Mkato wa Maneno

Baadhi ya walimu wenzetu hushutumu kila neno la mkato, kana kwamba neno lililokatwa ni neno lililoharibiwa. Hatukubaliani nao. Lakini hatuungani pia na wale wasemao kwamba misimu ni mchezo wa vijana tu, usiomdhuru mtu. Tulitazame neno moja la chakula, ambalo wanafunzi wetu hapa Kagarama hulisikia kwa sura mbili: "ifiriti" katika Kinyarwanda, na "chipsi" katika Kiswahili.

Sura zote mbili zina asili ya mkato. Kifaransa kilikuwa na maneno "pommes de terre frites", yaani viazi vilivyokaangwa. Matumizi yakayapunguza hadi "pommes frites", kisha "frites" peke yake. Kiazi kikatoweka, ukabaki ukaangaji. Wajerumani waliupokea msemo huohuo wakaukata upande wa pili, wakabaki na "Pommes", yaani matufaha, ingawa sahanini hamna tufaha hata moja. "Chips" ya Waingereza nayo ilihusu vipande vya mti kabla ya kuhusu viazi. Kwa hiyo waandishi wa Kenya waandikao "vibanzi" wamefuata njia ileile, kwani kibanzi ni kipande chembamba cha mti, na wasomaji wa Biblia wakijua tangu zamani kile cha jichoni.

Neno likishaachana na kiazi, halina tena kinacholizuia. Ndiyo maana Mtanzania husema "chipsi mihogo" bila kuona kinzano lolote. Chipsi zikimwagiwa mayai kikaangoni zikashikana, huitwa "zege", kama kokoto zilizoshikwa na saruji. Tamathali hii twaisifu: imebuniwa na mtu aliyewatazama mafundi wakijenga, akatazama na kikaango pia. Ajabu ni kwamba kwa Mfaransa kuwa na "la frite" ni kuwa mchangamfu mwenye nguvu, ilhali Dar es Salaam kijana aliyelelewa kwa chipsi hudhihakiwa kuwa ni legelege. Chakula ni kilekile.

Nairobi neno limekwenda mbali zaidi. Mnunuzi asiyetaka kula dukani humwomba mwuzaji amfungie chipsi aondoke nazo. Kutokana na desturi hiyo ukazuka msimu "chips funga", nao hutajwa aghalabu kwa mwanamke ambaye mtu amekutana naye kwenye starehe za usiku, akaondoka naye usiku uleule. Wakosoaji wa sarufi husema yapasa kuwa "chipsi za kufunga", kwa kuwa kihusishi na kiambishi "ku-" vimedondoshwa. Wasema kweli, ila hilo ndilo kosa dogo. "Zege" hufananisha chakula na ujenzi, wala hakuna aumiaye. Hapa binadamu amefananishwa na chakula. Hufungwa, hubebwa, huliwa, na karatasi yake hutupwa. Hata kitenzi hakikumwachia nafasi ya kutenda jambo lolote.

Nao mkato umesaidia kulificha tusi. Msemo mzima, wenye mtendaji na mtendwa wake, ungemwaibisha msemaji mbele ya dada yake. Maneno mawili yaliyokatwa yasikika kama bidhaa iliyoandikwa ubaoni pamoja na bei yake, na kwa hiyo hupita redioni na vyumbani mwa wageni bila kuzuiwa. Mwalimu anayelisahihisha kwa wino mwekundu tu, akaandika "za kufunga" pembeni, amelitengeneza tusi liwe sanifu. Afadhali aliandike ubaoni, awaulize wanafunzi ni nani anayefunga na ni nani anayefungwa, kisha awaache wasichana wajibu kwanza.

Jambo hili latuhusu zaidi sisi wa Rwanda. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini, na wanafunzi wengi hukiokota katika nyimbo na vipindi vya majirani kabla hawajakutana nacho kitabuni. Mnairobi aujua msimu huu na uzito wake. Mwanafunzi wa Kagarama, aliyezoea "ifiriti" tangu utotoni, hana ishara yoyote ya kumwonya. Akiwa mezani na wageni kutoka Kenya, akasema kwa adabu kwamba anataka "chips funga" ampelekee mama yake nyumbani, meza nzima itacheka, naye hatajua wamecheka nini.