Katama Mkangi: Tuanzie Wapi?

Vijana wenzangu hapa Kilindoni, hasa wale wanaoandikaandika kwenye madaftari, huniuliza: hivi kwa Kiswahili kuna mtu aliyeandika riwaya ya sayansi, yenye chombo cha angani na sayari nyingine? Na kama yupo, mtu aanze na kitabu gani? Swali la kwanza jibu lake fupi. Yupo. Anaitwa Katama Mkangi, mtu wa pwani ya Kenya, na ametuachia riwaya tatu: Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995). La pili ndilo linalotaka maneno.

Kwa mtu wa Dar swali hilo pengine si zito. Kitabu kikimshinda, kesho anatafuta kingine. Huku kwetu kitabu kinaagizwa, mtu anakuja nacho kwa boti ya Nyamisati, na kikifika kinazunguka mikononi mwa watu kumi. Kikiwachosha hao kumi, basi, jina la mwandishi limeshazama kisiwa kizima.

Shuleni tulizoeshwa kwamba mwandishi husomwa kwa kufuata miaka, uone alivyokua. Kwa mtu wa mtihani sawa. Kwa msomaji wa Mkangi nasema hapana: anza na cha mwisho, Walenisi.

Ukiwa ni riwaya ya mapenzi, ya uhalisia. Ina uzuri wake, lakini mtu aliyekuja kutafuta sayari ukimpa Ukiwa ataona umemdanganya. Mafuta nayo ni fumbo la utawala na unyonyaji, na fumbo linataka msomaji aliyekwisha kumzoea mwenye kulifumba.

Sasa Walenisi. Kuna mtu, Dzombo, amehukumiwa kifo. Katika nchi yake hatundikwi kitanzini wala hapigwi risasi; anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Ila Dzombo anafaulu kukitawala kile chombo badala ya kufa nacho, na anatua Walenisi, kwa watu wanaoishi kwa usawa, bila mnyonyaji wala mnyonywaji. Mengine soma mwenyewe.

Hebu lisome lile jina polepole: wale-ni-sisi. Sayari nzima imejengwa kwa sentensi ya maneno matatu ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua! Na ukishalipasua jina unabaki na swali: wale ni akina nani? Ni hao wema aliowakuta huko juu, au ni wale waliomtia kwenye chombo cha kifo? Kwa maoni yangu ni wote wawili, na hapo ndipo riwaya inapouma. Mwandishi hasemi kwamba siku moja wataalamu watagundua nchi ya haki mahali fulani mbali. Anasema waliomo humo hawana damu tofauti na yetu, na makatili vilevile.

Wala hakuyaandika haya akiwa ameketi kivulini. Mkangi alikuwa msomi wa sosholojia. Mwaka 1986 alikamatwa na serikali ya Kenya na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Miaka tisa baadaye anatoa kitabu chenye mtu aliyehukumiwa na anayeondoka hai. Mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya, na mwaka 2004 akafa katika ajali ya barabarani. Sisemi Dzombo ni Mkangi, huo ni uhakiki wa kivivu. Nasema tu alijua mlango wa seli unavyofungwa.

Kwa sisi tunaojifunza kuandika, kuna jambo jingine dogo ambalo kwangu ni kubwa. Nimesoma hadithi za angani za vijana wetu, na karibu zote rubani anaitwa John, anatoka Marekani, na anaongea kama filamu ya video iliyotafsiriwa. Mkangi kamrusha Dzombo, jina la kwao kabisa, huko pwani! Kwa nini nahodha wa kwetu asitoke Jibondo, kisiwa cha mafundi wa majahazi? Neno chombo tunalo tangu zamani, na hapa Mafia mtu akilisikia hafikirii roketi, anafikiria tanga. Mkangi hakungoja tuwe na kiwanda cha roketi. Usitegemee somo la fizikia kwake. Chombo chake ni njia ya kumfikisha mtu mahali pa kuulizia maswali.

Kasoro zipo, jamani, tusifichane. Dzombo akishatua, Walenisi inageuka darasa. Watu wanaeleza, wanafafanua, wanaeleza tena. Kuna kurasa nilitamani mtu apige chafya tu. Nchi isiyo na ugomvi ni ngumu kuisimulia, maana hadithi hula ugomvi. Ukifika hapo usikiweke kitabu chini. Vumilia, na uwe unajiuliza wewe ungeiandikaje nchi njema bila kuhutubia. Mimi bado sijapata jibu, na madaftari yangu mawili yameishia hapohapo.

Wapo watakaokwambia: kama unataka maajabu, acha Mkangi, soma Nagona (1990) ya Kezilahabi. Ni kitabu kikubwa, sibishi. Lakini ukimpa msomaji mgeni Nagona ni kama kumshusha mkondoni usiku bila taa. Walenisi ina mtu, hukumu, safari na kutua; hata akipotea njiani, anajua alikotoka.

Ukimaliza Walenisi nenda Mafuta, na sasa utaona fumbo linafunguka lenyewe. Kisha toka kwa Mkangi kidogo, tafuta Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila, uone njia hiyo ya kuacha uhalisia wengine wameifikisha wapi. Nagona baada ya hapo. Ukiwa iwekee masika, bahari ikichafuka na boti zikilala.