Mfalme Edipode Katika Mizani ya Fiqhi

 

Kijana mmoja wa darsa yetu hapa Mbinga aliniletea kitabu kikuukuu pamoja na swali. Kitabu ni Mfalme Edipode, tamthilia ya Myunani Sophocles, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi na kuchapishwa mwaka 1971. Swali lake: "Sheikh, mtu huyu ana dhambi, au ni kadari tu?" Wenzake walikwisha kumwambia kuwa vitabu vya washirikina wa kale havifai kusomwa. Nilikichukua nikakisoma mara mbili.

Kwanza tuliweke sawa hilo la kusoma. Maulamaa wetu hawakuwakimbia Wayunani. Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alifasiri vitabu vya utabibu vya Jalinus huko Baghdad. Mantiki ya Aristu Imam Ghazali aliitanguliza mwanzoni mwa al-Mustasfa, kitabu chake cha usul al-fiqhi, ilhali ni yeye aliyewarudi wanafalsafa katika Tahafut al-Falasifa. Ibn Taymiyya aliipinga mantiki hiyo, lakini aliisoma kwanza. Kilichowapita ni tamthilia. Abu Bishr Matta alipofasiri kitabu cha Aristu juu ya ushairi, tamthilia ya msiba aliiita "madih", yaani shairi la sifa, kwani mchezo wa jukwaani haukuwa jambo lililojulikana kwao. Basi hili limebaki kwetu kulipima.

Kisa chenyewe ni hiki. Laius, mfalme wa Thebes, alipata utabiri kutoka Delphi kuwa mwanawe atamuua. Mtoto alipozaliwa alifungwa miguu akatolewa akatupwe mlimani. Mchungaji akamhurumia, mtoto akafikishwa Corinth, akalelewa na mfalme wa huko kama mwana wa kumzaa, asiambiwe kitu. Alipokua akatabiriwa kuwa atamuua baba yake na kumuoa mama yake, akakimbia asije akawadhuru wale aliodhani ni wazazi wake. Njia panda akagombana na mzee aliyempiga, akamuua yeye na watu wake, akanusurika mmoja tu. Mzee huyo ndiye Laius. Kisha akapewa ufalme wa Thebes pamoja na mjane, Jocasta. Tauni ilipoingia mjini, akaapa kumsaka muuaji wa mfalme, akakuta ni yeye mwenyewe. Jocasta akajinyonga, naye akajitoboa macho.

Wengi husema kadari ndiyo iliyomwangusha. Lakini ukikisoma kisa kwa jicho la fiqhi utaiona mikono ya watu kila mahali. Wa kwanza ni wazazi waliomsadiki kuhani, ilhali ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, wakataka kuua mtoto kwa maneno yake. Wa pili ni mchungaji, naye ndiye mbora wao: kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi kifaya katika madhehebu yetu ya Shafii. Wa tatu ni wale waliomlea. Kulea ni thawabu, lakini walimficha nasaba yake, jambo lililokatazwa katika Surat al-Ahzab, aya ya 5, inayotuamuru tuwaite watoto kwa baba zao. Wa nne ni Edipode mwenyewe pale njiani. Kujikinga kunaruhusiwa kwa kadiri ya shambulio, naye alivuka mpaka, na angekuwa na dhambi hata kama marehemu ni mgeni kabisa. Ama ndoa, hakujua. Hana dhambi wala hadi. Ndoa ni batili, hutenganishwa mara moja, na watoto nasaba yao kwa baba inathibiti. Basi jibu la kijana ni kwamba Edipode dhambi anayo, lakini si ile aliyojitobolea macho.

Zama za Mtume (s.a.w.) lilitokea jambo la karibu na hili. Uqba ibn al-Harith alioa, akaja mwanamke akasema kuwa aliwanyonyesha wote wawili. Uqba alipanda mnyama wake kutoka Makka hadi Madina kuuliza, Mtume akamwelekeza amwache, akamwacha, naye bibi akaolewa na mwingine. Hakuna aliyejinyonga wala aliyepofuka. Maulamaa wamekhitalifu kuhusu ushahidi wa mwanamke mmoja. Imam Shafii anataka wanne, na wafuasi wake wakalichukua agizo lile kuwa ni la uchaji.

Wala si mambo ya Thebes na Makka tu. Miaka kadhaa iliyopita niliteremka ziwani, upande wa Nyasa uliokuwa sehemu ya Mbinga hadi 2012, kufungisha ndoa. Khutba ikiwa bado haijasomwa, bibi mmoja akasema kwa sauti ndogo kuwa bi harusi aliwahi kunyonyeshwa na mama wa bwana harusi, mama yake mzazi alipokuwa mgonjwa. Nikauliza: mara ngapi, na akiwa na umri gani? Zikatimia zaidi ya tano, kabla ya miaka miwili, na wanawake watu wazima wa mtaa ule wakathibitisha. Tukaondoka bila ndoa. Walilia, lakini walilia mapema.

Tawfiq al-Hakim wa Misri aliiandika upya tamthilia hii mwaka 1949 kwa jina la al-Malik Udib, akaufanya utabiri kuwa hila ya watu. Hapo amefanya vyema. Lakini baada ya ukweli kudhihiri, Udib wake anamsihi Jocasta waendelee kuishi pamoja. Hapo Myunani amemshinda Mwislamu, kwani Edipode wa Sophocles hakuibadili hukumu alipokuta inamwangukia yeye. Kadhi na asome hapo. Kosa la Sophocles ni kutomwachia mja mlango wa toba.

Nawausia maimamu wenzangu: kabla ya nikahi waulizeni wanawake wazee juu ya kunyonyesha. Na anayelea mtoto wa mwingine amwambie baba yake ni nani angali mdogo. Wallahu a'lam.