Mkono na Uhai: Uhakiki wa Simulizi za Wapigapicha wa Vita, Addis Ababa 1991 na Mogadishu 1993

Makala haya yanahakiki namna hatari ya kupiga picha za vita inavyosimuliwa baada ya vita kupita. Matini yanayoshughulikiwa ni machache: simulizi za maisha ya Mohamed Amin, ikiwamo filamu ya Mo & Me iliyotolewa na mwanawe mwaka 2006, na kumbukumbu zilizojengwa juu ya madaftari ya Dan Eldon. Hoja inayotetewa hapa si kwamba simulizi hizi zinasema uongo. Zinasema kweli, lakini mpangilio wao humfanya mtu mmoja kuwa tukio na mwenzake kuwa maelezo ya tukio hilo.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alikuwa na jina kubwa kabla ya msiba wa Addis Ababa. Picha alizopiga Korem, kaskazini mwa Ethiopia, zilirushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 zikiambatana na sauti ya Michael Buerk, na ulimwengu ukatikisika. Wengi huzikumbuka kama picha za ukame. Ni vyema kukumbuka kwamba njaa ile ilikuwa zao la vita pia, kwa kuwa eneo lile lilizungukwa na mapigano baina ya serikali ya Mengistu Haile Mariam na waasi wa Tigray. Mwishoni mwa Mei 1991 muungano ulioongozwa na waasi haohao uliingia Addis Ababa. Siku chache baadaye, tarehe 4 Juni, ghala la silaha lililipuka jijini humo. Amin na wenzake walikwenda kurekodi, na mlipuko mwingine ukawakuta palepale. John Mathai, fundi sauti wake, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Msomaji aliyezoea habari za Amin atahisi kwamba sentensi mbili za mwisho zimepinduliwa. Kwa kawaida mkono hutangulia: Amin alipoteza mkono katika mlipuko ambao pia ulimuua fundi wake wa sauti. Kiungo cha mwili kimepewa kishazi kikuu, uhai umepewa kishazi tegemezi. Neno “pia” hapo linabeba maiti nzima. Sidhani kama kuna mwandishi aliyekusudia dharau kwa kupanga hivyo. Sarufi humfuata mhusika mkuu, na mhusika mkuu alikwisha kuchaguliwa kabla ya mlipuko. Isitoshe, mkono uliopotea uliendelea kuonekana. Amin alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera yake, na mkono ule wenyewe ukawa picha, ishara ya ujasiri ambayo kila mhariri aliielewa mara moja. Kifo cha Mathai hakikuacha kitu cha kupigwa picha.

Lakini mpangilio wa sentensi hautoshi kueleza suala hili. Kuna asili ya kazi yenyewe. Hadhira inayotazama taarifa ya vita hujua kwamba picha ina mpigaji, hata kama haijui jina lake. Ni nadra kufikiri kwamba sauti ina mnasaji. Mlio wa kombora, kilio cha mama, hata ukimya baada ya risasi, vyote hupokelewa kana kwamba vimejileta vyenyewe. Ilhali fundi sauti wa enzi ile alitembea hatua chache tu kutoka kwa mwenye kamera, mara nyingi wameunganishwa kwa waya, na hakuwa na nafasi ya kuamua peke yake kwamba hapa pametosha. Mwenye kamera akisogea, naye husogea. Hatari yao ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni uwezo wa kuichagua, na baadaye uwezo wa kukumbukwa kwa kuichagua. (Wapo wanaopenda kuona siri katika neno “kupiga”, kwamba lugha yetu inaiweka kamera karibu na bunduki. Mshabaha huo haunishawishi. Kiswahili hupiga pia pasi, simu na hodi.)

Kisa cha Mogadishu kinaipima hoja hii kwa ukali zaidi, kwa sababu waliokufa walikufa pamoja. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani, zikishirikiana na majeshi ya Umoja wa Mataifa, zilishambulia nyumba ambamo wazee wa ukoo wa Habar Gidir walikuwa wamekutana. Wanahabari waliitwa na wenyeji waje kupiga picha za maafa. Walipofika, umati wenye hasira uliwageukia. Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa Reuters, pamoja na Hansi Krauss wa Associated Press, waliuawa kwa mawe na vipigo. Eldon alikuwa na umri wa miaka 22.

Ikumbukwe kwamba hawakuwa katika uwanja wa mapigano. Walikwenda kwenye msiba, tena kwa mwaliko. Ndiyo maana ninasita kuainisha kifo chao chini ya “hatari za vita” kama ifanywavyo mara nyingi. Hatari ya matokeo ya vita ni ya namna yake: mpigapicha humkuta mfiwa kabla machozi hayajakauka, akiwa na kifaa kinachofanana, machoni pa mfiwa, na mali ya yule aliyerusha kombora. Maina na Macharia walikuwa Wakenya, watu wa nchi jirani. Ujirani huo haukuwafaa kitu. Umati haukubagua.

Kumbukumbu ndiyo iliyobagua. Madaftari 17 ya Eldon, yaliyojaa picha, wino, rangi na vipande vya magazeti vilivyobandikwa, yalitolewa kitabu mwaka 1997 kwa jina The Journey Is the Destination, na filamu ya jina hilohilo ikafuata mwaka 2016. Haitakuwa haki kulieleza jambo hili kwa rangi ya ngozi pekee. Eldon aliacha matini, na matini yenye mvuto wa kweli. Mhakiki hawezi kumlaumu marehemu kwa kuwa aliandika, wala mama kwa kuyachapisha aliyoyaandika mwanawe. Hata hivyo, madaftari ni tendo la mtu anayejiona kuwa na maisha yanayostahili daftari, na ambaye jamaa zake wanaujua mlango wa mchapishaji. Macharia alikuwa fundi sauti, kama Mathai. Alichoacha kimo ndani ya taarifa za wengine.

Pingamizi moja linaigusa makala hii yenyewe, na haliwezi kukwepwa. Nimewataja wanahabari wanne wa Mogadishu kwa majina na mashirika yao. Waliokufa ndani ya nyumba ile, ambao maiti zao ndizo zilizokuwa sababu ya mwaliko, wameingia katika uhakiki huu kama “wazee wa ukoo” tu, na idadi yao imebaki ya kubishaniwa tangu siku ile. Nao wamewekwa katika kishazi tegemezi: nyumba ambamo walikuwa wamekutana.