Nani Alimlipa Iago? Kuisoma Othello Tukiwa Singida

Othello, tamthilia ya William Shakespeare ya mwanzoni mwa karne ya 17, imehakikiwa mno kwa upande wa rangi na kwa upande wa wivu. Sipingi. Othello ni mtu mweusi aliye jemadari wa Venisi, na wivu ndio unaomfikisha kumuua mkewe Desdemona kitandani. Lakini kuna jambo moja ambalo kwenye semina zetu tunalipita mbio mbio, nalo ni malipo. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba Iago ni mpelelezi wa ndoa anayefanya kazi kwa ujira, na kwamba ujira huo ndio unaoamua nani aaminiwe na nani asiaminiwe.

Hebu tuanze na matini yenyewe. Katika tendo la tatu, Iago akishatia shaka, Othello anamtaka alete ushahidi wa kuonekana kwa macho, la sivyo atakiona cha moto. Hiyo ni kazi iliyoagizwa. Na kabla onyesho hilo halijaisha, Iago ameshapewa uluteni, cheo kile kile alichonyang'anywa Cassio, mtu anayetuhumiwa. Yaani mpelelezi analipwa kwa mali ya mtuhumiwa, tena kabla mwajiri hajaona chochote kwa macho yake. Wakati huo huo anakula fedha za Roderigo, ambaye naye anamtaka Desdemona huyo huyo. Juu ya hayo, anamshuku mkewe mwenyewe, Emilia, kwamba aliwahi kutembea na Othello. Sasa, mtu kama huyo utasema hana upande?

Tuutazame ushahidi wenyewe. Leso iliangushwa, Emilia akaiokota akampa mumewe, na mumewe akaiacha chumbani kwa Cassio. Kisha likapangwa fumanizi la aina yake: Othello anajificha, anamwona Cassio akicheka, anadhani anayesimuliwa ni Desdemona, kumbe jamaa anamcheka Bianca. Leso ilikuwepo kweli, na kicheko kilikuwepo kweli. Uongo uko kwenye masimulizi yanayoviunganisha. Kwa upande wa fani, basi, Iago ni msimulizi, na Othello ni msomaji aliyekwisha kununua kitabu na sasa anataka kimalizike kama alivyoahidiwa. Ile methali yetu, lisemwalo lipo, kama halipo laja, ndiyo mtaji wa Iago.

Sasa mtazame Emilia. Huyu ndiye shahidi hasa, maana anakaa na Desdemona kutwa. Katika tendo la nne Othello anamhoji. Emilia anaapa kwamba hakuona kitu, wala hakusikia kitu, na kwamba bibi yake ni mwaminifu. Othello hamwamini hata kidogo. Anamgeuza kuwa mlinda mlango wa danguro, na anapotoka anamtupia fedha eti ni ujira wake. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ulipo moyo wa tamthilia nzima. Othello ametoa malipo mara mbili. Mwongo amemlipa cheo kwa heshima, na msema kweli amemlipa fedha kwa kumtukana. Mwishoni Emilia anasema yote bila kulipwa na mtu, na mumewe anamuua kwa hilo.

Mimi ni mtu wa Singida, na nikiisoma tamthilia hii siwezi kuwasahau watu wa kwetu. Pale mjini sijaona kibao cha ofisi ya mpelelezi wa ndoa. Mwenye shaka humtuma shemeji, au humpa kijana wa bodaboda hela ya mafuta amfuatilie mtu, au huenda kwa mganga. Jina ni tofauti lakini kazi ni moja: kumlipa mtu wa tatu akuletee hadithi ya mwenzio.

Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alichapisha mwaka 1971 makala juu ya mapenzi katika jamii hiyo. Anaeleza uhusiano uitwao mbuya, yaani mapenzi ya nje ya ndoa, ambayo jamii inajua kuwa yapo na hata hivyo wapenzi wanatakiwa wayafiche. Wapo watakaosema mgeni alitia chumvi. Iwe iwavyo, wala sidai kwamba wazee wetu hawakuwa na wivu. Ninachokichukua kwake ni swali: je, kila siri ndani ya ndoa inataka mtu wa kulipwa aifukue?

Mwenzangu mmoja alinibana: mama mwenye watoto, ambaye mumewe anajenga nyumba ndogo kwa pesa za vitunguu walivyolima pamoja, asitafute ushahidi? Atafute, tena ana haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 72, inamruhusu mke au mume kumdai fidia ya ugoni yule aliyezini na mwenzake. Kifungu cha 74 kinakataza fidia hiyo kuwa ya kukomoa, na kinaitaka mahakama itazame mila za jamii inayohusika. Lakini mahakamani, kama kwenye kikao cha wazee, anayetuhumiwa husimama akajibu. Cassio anaulizwa habari ya leso baada ya Desdemona kufa, naye anajibu kwa maneno machache tu: aliikuta chumbani kwake. Swali hilo lingeulizwa siku moja kabla, tamthilia ingekosa maiti. Na kwetu neno "wivu wa mapenzi" limekuwa la kawaida katika taarifa za polisi za mauaji, kwa hiyo hatuzungumzii Venisi peke yake.

Kwa nini basi wasomaji wa Kiswahili tunachelewa kumtilia shaka mpelelezi? Nadhani riwaya zetu zina mkono wake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), si polisi lakini anawazidi polisi akili. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), anaipigania nchi. Tumelelewa kuamini kwamba anayefuatilia ndiye mwenye ukweli, na anayefuatiliwa ana lake jambo. Ni raha kusoma hivyo, lakini msomaji wa namna hiyo akikutana na Iago ataliwa mchana kweupe.

Waandishi wetu chipukizi wana kazi mbele yao. Iandikwe riwaya ambamo mpelelezi amelipwa na mume, na msimulizi ni yule mke anayefuatwa kutoka sokoni hadi kisimani, asijue kwamba kila anayemsalimia anaandikwa. Shakespeare alimnyima Desdemona nafasi ya kujibu mapema. Sisi hatulazimiki kumfuata katika hilo.